Kuku Mmoja Kutwa Mara Tatu

Editha Mughwai alivunjika kifundo cha mkono wa kulia mwaka 1993, siku aliyoanguka kutoka juu ya magunia ya alizeti kwenye lori lililokuwa limesimama. Nasema lililokuwa limesimama kwa sababu mwenyewe alisisitiza hivyo kwa kila aliyekuja kumpa pole. Lori likiwa kwenye mwendo, alisema, asingeanguka, maana angekuwa ameshika kamba.

Alikuwa na miaka thelathini na nane. Alikuwa anauza kuku kwenye kituo chetu kidogo cha barabarani, kati ya Issuna na Mkiwa, na mimi nilikuwa nauza mafuta ya alizeti pembeni yake, kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengi niliyaona kwa macho yangu. Kabla ya kuku alikuwa mpiga chapa kwenye shirika moja la umma mjini Singida. Miaka ile ya soko huria mashirika yalikuwa yanafungwa, na la kwao lilipofungwa wafanyakazi walipewa barua za kupunguzwa kazini. Barua zote alizipiga chapa yeye, na ya kwake ikiwemo. Aliipiga bila kosa hata moja, akaipeleka kwa meneja ikasainiwa, akarudi nayo mezani kwake, akajisomea, ndipo akafunga mashine.

Mtu wa namna hiyo akishapewa karatasi yenye muhuri, ataifuata kama ilivyoandikwa.

Hogo lilipotolewa baada ya wiki sita, vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Hakuweza kufunga kifungo wala kumshika kuku miguu yote miwili kwa mkono mmoja, na muuza kuku asiyeweza hilo amekwisha. Alikwenda zahanati kwa Nesi Anastazia, mama mtu mzima ambaye kila mtu kijijini alimpa shikamoo yake hata akiwa amelala kitandani na homa. Dawa ya vidole hakuwa nayo. Nesi akachukua kikaratasi, akaandika kama anavyoandika siku zote: Kuchora. 1x3, baada ya chakula. Wiki mbili, kisha arudi. Akagonga muhuri. Alimweleza kwamba hospitali aliyosomea waliwarudishia watu mikono yao hivyo hivyo, kwa penseli na karatasi, mradi mgonjwa asiruke dozi.

Editha alinunua daftari na penseli, akaanza jioni hiyo hiyo, baada ya ugali.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za mistari na duara. Mistari ya kulala, mistari ya kusimama, duara kubwa, duara ndogo, ukurasa mzima. Asubuhi baada ya chai, mchana, jioni. Siku ambayo hakupata chakula cha mchana hakuchora, na nilipomuuliza alisema dawa ile haitumiki tumbo likiwa tupu. Kwaresma ilipofika alifunga, kwa hiyo akawa anachora mara moja tu kwa siku. Kwa kosa hilo alikwenda mwenyewe kwa Nesi kuomba radhi.

Dozi ya pili ilisema achore kitu kilichoko mbele yake. Mbele yake kulikuwa na kuku.

Kuku wa kwanza alinionyesha mimi. Niliangalia nikamwambia birika hilo limetoka vizuri. Hakuchukia. Aliniuliza kama lilikuwa birika lenye mfuniko au lisilo na mfuniko, nikasema lenye mfuniko, akaenda kukiangalia upya kichwa cha kuku.

Kila baada ya wiki mbili alirudi zahanati, na kila mara Nesi alibadilisha zoezi, kama vile unavyobadilishiwa vidonge. Mara achore bila kunyanyua penseli. Mara achore akimtazama kuku tu, asiangalie karatasi. Mara asichore kuku kabisa, achore nafasi iliyobaki katikati ya miguu yake. Mara amtazame kuku mpaka ahesabu mia, kisha ageuke nyuma na kumchora kwa kukumbuka. Zoezi la kutoangalia karatasi lilitutesa. Basi linasimama, abiria wanatoa vichwa dirishani kuuliza kuku, wanamkuta mwanamke mzima amekodoa macho kwenye mkia wa jogoo huku mkono wake ukitembea wenyewe pembeni. Kuna dereva mmoja alianza kusimamisha basi mita hamsini mbele yetu, na mafuta yangu yakakosa wateja kwa sababu ya matibabu ya jirani.

Wengine waliitamani dawa hiyo. Mzee Antipasi, aliyekuwa na goti bovu, alikaa naye siku tatu akichora, akasema amepata nafuu. Nesi aliposikia alikuja mpaka kituoni kutukumbusha kwamba mtu hatumii dawa ya mwenzake.

Lakini baada ya kama miezi minane jambo likatokea ambalo hatukulitegemea. Kuku wa Editha wakaanza kufanana na kuku. Baadaye hawakufanana na kuku tu, walifanana na kuku fulani. Ukifungua daftari unasema huyu ni yule mwenye hasira wa kina Joseph, huyu ni yule anayelala mapema. Vidole vilikuwa vimelainika, lakini kilichobadilika zaidi ni macho yake. Aliniambia kwamba miaka yote aliyouza kuku alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja.

Ndipo ikaja kesi ya Mzee Antipasi.

Mzee aliibiwa tetea mwekundu, na siku ya tatu akamkuta kwenye tenga la Hussein. Hussein alikuwa mfanyabiashara wa mjini Singida, mtu wa heshima zake, aliyekuwa anakusanya kuku kwa lori na kuwapeleka Dar es Salaam. Alisema kuku huyo amemnunua barabarani kwa mtu asiyemjua, na kwamba kuku wekundu wa Singida nzima wanafanana. Wakaenda kwa Manase, mtendaji wa kijiji chetu. Editha alifika na daftari lake, akafungua ukurasa aliomchora tetea yule mwezi mmoja nyuma. Kidole cha kati cha mguu wa kushoto kilikuwa kimekatika ncha. Kilemba kililalia kulia. Kwenye shingo kulikuwa na unyoya mmoja uliosimama peke yake kama mtu anayeomba kuuliza swali.

Manase aliweka daftari mezani na kumsimamisha kuku mbele yake. Kuku aliitazama picha kwa jicho moja, akageuza kichwa akaitazama kwa jicho la pili, kisha akadonoa punje ya mahindi ambayo Editha alikuwa ameichora karibu na mguu.

Manase akaandika kwenye kumbukumbu: Kuku amekiri.

Hussein alimrudisha tetea bila ugomvi. Tungeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Manase alikuwa ametoka kwenye semina ya soko huria mjini, na tangu arudi alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka. Aliitisha mkutano akatueleza kwamba zama zimebadilika. Mali sasa ni ya mtu binafsi, na mali ya mtu binafsi ina karatasi. Gari lina kadi, kiwanja kina hati, kwa nini kuku atembee hivi hivi? Kuanzia Jumatatu, kuku yeyote anayeuzwa kwenye kituo chetu awe na picha yake iliyochorwa na Editha na kugongwa muhuri wa ofisi. Mwenye kuku atapewa picha, na nakala yake ya kaboni itahifadhiwa kwenye kabati la chuma la iliyokuwa ofisi ya ushirika, ambalo droo zake zilikuwa tupu tangu ushirika ulipokufa.

Mkutano ulipiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na watu arobaini na kuku zao mlangoni kwa Editha. Alikunywa chai, akachora kuku mmoja, akafunga daftari. Wakamuuliza vipi. Akawaambia warudi baada ya chakula cha mchana. Manase aliitwa, akaja na kumwambia kwamba hii ni amri ya kijiji. Editha akaingia ndani, akatoka na kikaratasi cha zahanati, akakinyoosha mbele yake.

"Mimi natibiwa, mtendaji," alisema. "Moja kutwa mara tatu, baada ya chakula. Soma mwenyewe."

Manase alisoma. Aligeuza akaangalia nyuma, akaulinganisha muhuri wa zahanati na wa kwake aliokuwa ameushika mkononi. Wa zahanati ulikuwa mkubwa zaidi.

Watu wa kwetu hawakukata tamaa. Kama Editha anachora baada ya kula, basi ale. Siku iliyofuata mtu mmoja alikuja na kuku kwapani na bakuli la ugali na mlenda mkononi. Editha alifikiri, akaona kikaratasi hakijakataza, akala, akachora. Kesho yake walikuja kumi na mmoja na mabakuli kumi na moja. Alikwenda kwa Nesi kuuliza kama anaruhusiwa kuzidisha, na Nesi, ambaye siku hiyo alikuwa na watoto thelathini wa chanjo, alisema kuchora hakujawahi kumdhuru mtu.

Akawa anakula mara tisa kwa siku. Kisha mara kumi na nne. Yalikuwa matonge madogo, lakini matonge kumi na manne ni matonge kumi na manne. Editha alinenepa mpaka akawa anavaa magauni ya mitumba ambayo zamani alikuwa anayapita. Pakazuka ubishi kama kiganja cha karanga ni mlo. Manase aliitisha mkutano wa pili, na baada ya saa tatu ikaamuliwa kwamba mlo ni chochote chenye mboga. Kuanzia hapo wanawake walikuja na kijiko kimoja cha ugali na jani moja la mlenda limelazwa juu yake, kwa ushahidi. Mama mmoja alileta kitoweo cha kuku, na ikagundulika kwamba kuku huyo alichinjwa kabla hajachorwa. Alikemewa hadharani, na Editha akanywa mchuzi tu.

Matatizo mengine yalitoka kwa kuku wenyewe. Kuku habaki kama alivyo. Ananyonyoka, ananenepa, anapigana. Tetea wa Mzee Antipasi, yule yule aliyekiri, alinyonyoka mkia wote mwezi wa nane. Mzee alipomleta auzwe, Manase alimtazama kuku, akatazama picha, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kuku ni huyu huyu," alisema Mzee. "Mwezi wa tatu ulimwona hapa hapa ofisini."

"Shikamoo mzee. Nakuelewa," alisema Manase. "Lakini picha ina muhuri. Kuku hana muhuri."

Tetea aliwekwa ofisini kusubiri afanane na yeye mwenyewe. Alikaa siku kumi na saba, na alitaga kwenye droo ya pili ya kabati, juu ya picha za wenzake. Wamiliki wengine walijifunza. Ukipita nyuma ya nyumba uliweza kumwona baba wa familia ameshika mkasi na picha, anampunguza jogoo mkia kidogo kidogo, anarudi nyuma kutazama, anapunguza tena.

Hussein naye aliijua biashara. Alitambua kwamba hakuna kifungu kinachosema picha na kuku lazima vinunuliwe pamoja. Alianza kununua picha. Alikuwa na bahasha nene ya picha za kila namna, wekundu, weusi, wenye madoa, na alipopata kuku barabarani alichambua bahasha mpaka apate anayemfaa. Watu wakaanza kumuuzia picha na kumla kuku. Siku moja lori lake liliondoka na picha mia na kuku kumi na wawili, na Manase, baada ya kukagua, alisema hajawahi kuona mzigo ulio safi namna ile.

Na Editha je? Huyo ndiye niliyekuwa namwonea huruma. Kwanza alifurahi, kwa sababu alikuwa anahitajiwa, na tangu shirika lilipofungwa hakuwa amehitajiwa na mtu. Lakini kuku kumi na wanne kwa siku si matibabu. Niliona anavyoacha mazoezi moja baada ya jingine. Kwanza aliacha kuhesabu mia. Kisha akaacha kutazama nafasi za katikati ya miguu. Mwishowe mkono ulikuwa unachora wenyewe, kwa kasi, kuku yule yule, na yeye akitazama foleni ili ajue mabakuli mangapi yamebaki.

Siku ya Ijumaa moja, mwaka 1995, Leah, mjane aliyekuwa anakaa ng'ambo ya barabara, alileta ndege wake, akamlisha Editha, akachorewa, akagongewa muhuri, akashukuru, akaenda. Mimi nilikuwa nimekaa pale namimina mafuta. Nilimwambia Editha kwamba yule hakuwa kuku. Alikuwa kanga.

Editha aliweka penseli chini. Akachukua picha iliyobaki kwenye daftari, ile nakala ya kaboni. Ilikuwa kuku, tetea mzuri wa kawaida, na madoa meupe ya kanga, yale yanayomfanya mtu asimame kutazama, hayakuwepo hata moja. Alimfuata Leah kumuuliza kwa nini hakusema. Leah alijibu kwamba yeye alidhani sheria inataka kuku, na alishukuru kwamba wa kwake amekubaliwa.

Editha alirudi akakaa. Mabakuli manne yalikuwa yanasubiri.

"Magdalena," aliniambia, "sikumtazama. Amekaa mbele yangu, na sikumtazama."

Hakula tena siku hiyo. Nilimwona anafuta machozi kwa ule mkono wa kulia, ulionyooka vizuri kabisa, vidole vyote vitano.

Jumatatu alikwenda zahanati, nikamsindikiza. Nesi Anastazia alimfanya afunge vifungo, atunge uzi kwenye sindano, akunje ngumi, achore duara. Duara lilikuwa safi kama sahani. Nesi akavua miwani.

"Mkono huu umepona tangu mwaka jana," alisema. "Kwa nini bado unatumia dawa?"

"Shikamoo Nesi. Hukuniambia niache."

Nesi alimtazama alivyonenepa, na daftari la kumi na tisa mapajani mwake. Akachukua kikaratasi akaandika: Amepona. Asitumie tena. Akagonga muhuri.

Manase alikipokea kile kikaratasi kwa mikono miwili. Nilitegemea atabisha, lakini alikuwa mtu wa karatasi kama Editha mwenyewe, na aliona wazi kwamba mtu aliyepona hawezi kulazimishwa kutumia dawa. Alichofanya ni kutangaza nafasi. Alitafutwa mtu mwenye mkono mbovu. Hakupatikana, watu wote wa kijiji chetu walikuwa na mikono mizima mwaka ule, isipokuwa Mzee Antipasi aliyejitokeza na goti lake, akasema alishawahi kuitumia dawa hiyo kwa siku tatu. Alichora wiki mbili. Kuku wake wote walikuwa viazi. Manase aligonga muhuri kwenye kila kiazi, na kwa kuwa viazi vilifanana, kila picha ilimfaa kila kuku, na mambo yalikwenda vizuri kuliko wakati wowote. Sheria ile haikufutwa na mtu. Abiria wa mabasi ya Mwanza walichoka kusubiri na wakawa wananunua kuku wao mbele ya safari, Misigiri, ambako kuku aliuzwa bila maelezo, na kisha wino wa muhuri ukaisha.

Editha aliacha kuchora kwa miezi miwili, kama alivyoandikiwa. Alipungua, akarudi kwenye magauni yake. Lakini alikuwa hatulii. Alikuwa akiongea na mtu huku kidole kinazunguka kwenye paja. Nilimwona siku moja anamtazama punda wa watu mpaka mwenye punda akauliza kama kuna tatizo. Niliogopa kwamba atajivunja mkono mwingine ili aandikiwe tena dawa.

Asubuhi moja nilifika kituoni mapema kupanga chupa zangu, nikamkuta ameshakaa, penseli mkononi. Chai ilikuwa bado haijachemka. Alikuwa anachora chupa ya mafuta ya jana, ile niliyoisahau juu ya jiwe, na jua lililokuwa linapita ndani yake.

Nilimuuliza kama Nesi amemrudishia dozi.

"Hii siyo dawa," alisema bila kuinua kichwa. "Sijala kitu tangu jana."

Tangu siku hiyo alichora kitu kimoja kila asubuhi, kimoja tu, na mazoezi alijipangia mwenyewe. Wiki nzima achore vitu vizito: mawe, magunia, mama mkwe wa mtu. Wiki nyingine achore sauti, na usiniulize alifanyaje, ila ile ya basi linalopunguza mwendo niliitambua. Kisha akaanza kuchora visivyokuwepo. Basi lenye miguu ya kuku kumi na miwili linapanda mlima. Mwenye basi mmoja aliona ile karatasi, akaomba lichorwe kwa rangi ubavuni mwa basi lake, na kazi hiyo ikazaa nyingine: vibao vya maduka, milango ya hoteli, ukuta wa kinyozi ulioonyesha vichwa sita ambavyo hakuna mteja aliyethubutu kuagiza. Kuku akaacha kuuza. Alisema hawezi tena kumfunga mtu miguu baada ya kumtazama namna ile.

Mimi alinichora mwaka 1998. Nilikaa kwenye kigoda changu kwa asubuhi tatu mfululizo, naye akihesabu mia kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Aliponionyesha nilimwambia ukweli, kwamba macho ni yangu na kitambaa ni changu, lakini pua ile siijui. Alininyang'anya karatasi, akanigeuza uso kwenye mwanga, akaanza upya.